Nguzo ya Saba Imekaa

Ofisini, 11 Januari

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya kurasa sita nimeipata jana kwa dereva wa lori la saruji. Nimeisoma yote, pamoja na ule ugomvi wa Miwani na mpishi wa kambi juu ya sufuria iliyopotea. Wakati huo Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni kwangu anasubiri jibu moja tu: mashimo yamefika kwenye udongo mgumu au bado. Jibu lilikuwa ukurasa wa tano, chini ya sufuria.

Najua simu huko haishiki mpaka mtu apande juu ya lori, na magoti yako nayajua. Kwa hiyo tutaendelea kuandikiana. Lakini naomba uniandikie kama msimamizi wa uchimbaji anavyomwandikia mhandisi wake. Hii ni wodi ya wazazi ya ghorofa nne, Baba, na nguzo ishirini na nne zinazozikwa mita kumi na mbili chini ndizo zitakazoibeba. Nipe vipimo. Habari za watu utanipa ukija likizo.

Binti yako


Eneo la kazi, 19 Januari

Marahaba, Bi Mhandisi.

Nimesikia. Nitabana maneno, ingawa ulijifunza kusoma kwa barua zangu na wakati ule hukulalamika kwamba ni ndefu.

Nina neno moja kuhusu udongo. Huu mwekundu siuamini. Sasa hivi ni kiangazi na sururu inadunda. Umeibana nguzo ubavuni kote kama kiganja kilichoshika mpini, na sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na huko kubanwa. Lakini nilichukua bonge lake nikalitia kwenye ndoo ya maji asubuhi, na kufika chakula cha mchana lilikuwa uji. Ukipima nguzo leo utapata jibu zuri, na jibu hilo litakuwa la kiangazi tu. Akina mama watajifungua hata masika.

Naomba ruhusa tuchimbe kijitaro kuzunguka nguzo ya saba, tukijaze maji siku mbili, ndipo tuibebeshe mzigo. Nimechagua ya saba kwa sababu iko kona ya bondeni, maji ya mvua yatakusanyika hapo. Miwani naye anasema hivyohivyo. Unamjua, tunamwita Miwani kwa sababu miaka ishirini na mbili ndiye anayenisomea zile saa ndogo za kupimia, zenye mshale wa kuonyesha nguzo imeshuka milimita ngapi. Haoni chochote kingine, hata sufuria hakuiona.

Samahani kwa sufuria.

Baba yako


Ofisini, 26 Januari

Baba,

Ruhusa unayo. Wazo ni zuri, hata vitabu vyetu vinalizungumzia. Pimeni nguzo ya tatu ikiwa kavu. Ya saba ipimeni ikiwa kavu, kisha muipime tena baada ya maji. Mkurugenzi ananikaba koo, anataka ghorofa zianze kupanda mwezi ujao, kwa hiyo nataka mstari mmoja kwa kila kipimo. Neno moja likitosha, tumia neno moja. Nakuomba kwa heshima zote.

Binti yako


Eneo la kazi, 12 Februari

Kwa Mhandisi,

Nguzo ya tatu, kavu, mzigo wote: milimita nne.
Nguzo ya saba, kavu, mzigo wote: milimita tano.
Nguzo ya saba, baada ya maji siku mbili: — — — Imekaa.

Vimesomwa na Miwani, vimehakikiwa nami.

Msimamizi wa uchimbaji


Ofisini, 20 Februari

Baba,

Safi kabisa, hivi ndivyo nilivyotaka. Nimeviona vipimo vyote vitatu na nimetia saini leo asubuhi. Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya wenzangu, wale waliokuwa wakisema nimeajiriwa kupamba ofisi. Hili ni jengo langu la kwanza kuidhinisha peke yangu, Baba, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla hata ya Mama. Endeleeni na kazi.

Binti yako


Eneo la kazi, 8 Machi

Mwanangu,

Hongera. Mama yako amefurahi, ingawa amenuna kidogo kwa kuwa wa pili.

Tumeshafunika vichwa vya nguzo kwa zege na mafundi wa kuta wamefika. Miwani ananiuliza kila siku kuhusu ya saba. Nimemwambia mhandisi ameiona na ametia saini, basi ana hesabu zake. Kama zipo hesabu nisizozijua, nieleze kwa ufupi. Sipendi kuonekana mjinga mbele ya watu wangu.

Baba yako


Ofisini, 15 Machi

Baba,

Ya saba nimeiona, na nimekwambia nimeiona. Kazi yako ni kupima, kuamua ni kazi yangu. Kila nikifanya jambo unataka nijieleze kwako kana kwamba bado niko darasa la tatu. Nina barua za wakandarasi wanne mezani na zote zinasubiri majibu. Tafadhali.

Binti yako


Eneo la kazi, 27 Novemba

Mwanangu,

Miwani amefariki.

Mvua za masika zilipita salama, tulikuwa na ghorofa moja tu na nyumba ilikuwa nyepesi. Safari hii zimetukuta na ghorofa nne na paa. Imenyesha siku tisa. Jumanne saa nne asubuhi kona ya bondeni ilishuka. Haikuanguka. Ilishuka polepole, shibiri nzima, tukiiangalia, na ngazi za zege zikajitenga na ukuta. Miwani alikuwa chini yake, alikwenda kuweka alama ya penseli kwenye ufa ili tujue kama unapanuka. Mimi ndiye niliyemtuma. Tulichukua muda mrefu kumtoa, na tulipomtoa hakukuwa na haja ya haraka.

Wagonjwa walikuwa bado hawajahamia, nashukuru kwa hilo. Kona imekaa vilevile nguzo ilivyokaa siku tulipoipima. Miezi yote hii nilikuwa nasubiri hesabu zako zituonyeshe kwamba wazee tumepitwa na wakati. Sasa nieleze ulifanya nini kuhusu ya saba. Mke wa Miwani ameniuliza makaburini.

Baba yako


Ofisini, 1 Desemba

Baba,

Pole sana. Mpe pole mke wa Miwani, ingawa sijui utampa vipi kutoka kwangu.

Nimesoma barua yako mara nne na kuna mahali nakwama. Unasema kona imekaa kama nguzo ilivyokaa siku mlipoipima. Baba, uliposema "imekaa" ulimaanisha nini? Mimi nilielewa imekaa sawa, imekaa mahali pake, haikusogea. Ile mistari mitatu nilidhani ni sifuri. Nilifikiri unaniambia kwamba hata kwa maji haikutikisika.

Nijibu upesi. Dereva anaondoka kesho na nimemwomba asirudi bila barua yako.

Binti yako


Eneo la kazi, 3 Desemba

Mwanangu,

Dereva amesimama hapa anasubiri, nami nimekaa kwenye mfuko wa saruji na karatasi magotini.

Sisi wachimbaji nguzo ikibeba mzigo tunasema imesimama. Ikishindwa tunasema imekaa, kama mtu aliyechoka anavyokaa chini. Hakuna mchimbaji asiyelijua neno hilo. Hukulijua wewe, uliyekulia nyumba ambayo nilikuwa narudi kazini nasema mezani kwamba leo mbili zimesimama na moja imekaa, na mama yako ananiambia ninyanyue hiyo iliyokaa nije ninawe mikono. Ulikuwa unacheka. Au ulikuwa unacheka kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka.

Mistari mitatu niliiandika kwa sababu hapakuwa na namba. Tulipofika nusu ya mzigo mshale ulizunguka ukafika mwisho wa saa, milimita hamsini, na nguzo ilikuwa bado inateremka. Nilikuwa na sentensi nne za kukueleza hayo. Niliziandika, kisha nikazikata. Uliniambia neno moja likitosha nitumie neno moja, na kwangu lilitosha.

Mimi nami sijitoi lawamani. Ulipoandika kwamba umeiona, ningeweza kupanda lori nije ofisini kwako nikagonge meza. Sikuja. Uliniudhi na ile habari ya darasa la tatu, nikajisemea ngoja aone mwenyewe. Kila ghorofa ilipopanda nilitamani kidogo upate aibu. Ufa mdogo tu, wa kukurudisha kwangu kuniuliza. Mungu anisamehe, ufa ndio nilioutaka.

Baba yako


Ofisini, 16 Desemba

Baba,

Kamati ya uchunguzi imeundwa. Mimi nimeshajaza fomu yao. Niliandika kwamba nilitegemea taarifa ya eneo la kazi, jambo ambalo ni kweli.

Mkurugenzi aliniita akafunga mlango. Anasema ile karatasi ina saini yako kwenye vipimo na idhini yangu iko juu yake, na katikati kuna neno moja ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha ujenzi. Kamati itakuja huko kukuuliza wewe neno hilo lina maana gani. Barua zetu hawana, hazimo kwenye faili, ni mambo ya mtu na baba yake.

Ukiwaambia maana yake ilizama, basi niliambiwa nikatia saini. Leseni yangu imekwisha na huenda nikashtakiwa. Ukiwaambia maana nyingine, mambo yatakwenda njia nyingine. Sikuambii useme nini. Nakwambia tu hali ilivyo. Mimi nina miaka minne kazini. Wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiangalia na nimeona jinsi ilivyo. Lakini siifuti.

Binti yako


Ofisini, 3 Januari

Baba,

Hujanijibu. Siku kumi na nane. Dereva anasema umempokea vizuri, umemuuliza habari za watoto wake, na hukumpa barua.

Nimeelewa. Nilikuomba jambo ambalo mtoto hamwombi mzazi, na nilikuomba kwa ujanja, nikijifanya sikuombi. Tangu siku ile sili vizuri. Nikiona mtu yeyote amevaa miwani nageuza uso.

Nimeamua. Jumatatu saa tatu nakwenda ofisi ya kamati hapa mjini na barua zako zote ndani ya bahasha. Nitawaambia uliomba nguzo ipimwe kwa maji, mkaipima sawasawa, ukanieleza, nami sikukuelewa kwa sababu ya haraka na kiburi. Wafanye watakavyo. Ukipata barua hii kabla hawajafika kwako, sema kweli yote. Usinipunguzie.

Mwanao


Eneo la kazi, 3 Januari

Mwanangu,

Kamati ilikuja jana. Walikuwa watano na jagi la maji. Mwenyekiti aliniuliza "imekaa" ni nini. Nikasema ni imekaa vizuri. Akauliza, kama ilikaa vizuri ndani ya maji, mbona mvua imeizamisha? Ana akili yule. Nikasema hatukumwaga maji. Nikasema nilifanya uvivu, nikachora mistari na kuandika neno bila kupima kitu. Akauliza nani alikuwa msomaji wa saa. Nikamtaja Miwani. Mkewe alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Alisimama akatoka, hakuniangalia.

Nimeapa na nimetia saini. Wamenipiga marufuku kugusa kazi yoyote ya ujenzi na faili limekwenda polisi. Kuhusu wewe wameandika kwamba ulidanganywa. Ndivyo walivyosoma kwa sauti: mhandisi alidanganywa na msimamizi wake.

Ukisema kingine sasa, mimi nitakuwa nimeidanganya kamati chini ya kiapo, na hiyo ni kesi nyingine juu ya hii. Kwa hiyo nyamaza. Wewe bado una maisha mbele.

Baba yako


Ofisini, 14 Januari

Baba,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako niliipata Jumapili.

Jumatatu nilivaa nguo za heshima, nikatia barua zako kwenye bahasha, nikaenda. Nilifika mpaka kwenye ngazi za jengo la kamati. Nikaketi nikasoma tena ulichoandika. Ni kweli, nikisema wanakuongezea kesi. Nilikaa pale kama nusu saa hivi, kisha nikarudi ofisini. Nimefanya ulivyosema.

Sitaki kukuficha jambo. Nilipofungua barua yako na kuona wameandika nilidanganywa, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Aibu ilikuja baadaye, na haikuja na nguvu ileile.

Mkurugenzi amenipa jengo jingine. Nitakutafutia wakili mzuri, nitakuja nikuone mara tu nitakapopata ruhusa. Niambie nikufanyie nini, Baba. Chochote.

Mwanao


Nyumbani, 25 Januari

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Hakuna la kunifanyia. Polisi wamenihoji mara mbili, ni watu wastaarabu. Mama yako hasemi na mimi wala hasemi nawe, anafua nguo zilizo safi.

Nilikwenda kwa mke wa Miwani nimwambie kweli, kwamba mumewe aliisoma saa sawasawa na maji tulimwaga ndoo kwa ndoo mpaka mikono ikachubuka. Alinisikiliza akiwa mlangoni. Akaniuliza kwa nini sikuyasema hayo mbele ya wale watano. Kisha akafunga mlango. Wachimbaji wenzangu nao wamesikia maana niliyoitoa ya "imekaa", na sasa wanaitania. Mtu akiharibu kazi wanamwambia amekaa vizuri kama mzee fulani. Miaka thelathini na nne nimechimba.

Lakini nataka ujue jambo moja. Barua yako ya tarehe tatu ilinifikia Ijumaa. Nilisoma kwamba Jumatatu utakwenda, na usiniulize nilivyojisikia. Nilipanda basi Jumapili. Jumatatu saa tatu kasoro nilikuwa upande wa pili wa barabara, nimeketi kwenye benchi la fundi viatu, mkabala na lile jengo. Nilikuona umefika na bahasha. Nilikuona umeketi kwenye ngazi. Fundi viatu aliniuliza kama nina shida, nikamwambia namwangalia mwanangu.

Sikuja kukuzuia. Nilipoandika unyamaze nilijua hutanisikia, maana lini uliwahi kunisikia? Nilikukataza kupanda paa, ukapanda. Nilikukataza kusomea kazi hii, ukaisomea. Nilikuja nikuone unaingia, na kama wangenifunga kwa uongo wangu ningefungwa nikiwa na mtoto. Kisha ukainuka ukapangusa sketi yako, ukaenda zako.

Siku zote umenibishia. Ile ndiyo siku uliyochagua kunitii.

Baba yako